Safu ya Jina la Zamani

Kwetu Ngamiani, Tanga mjini, tulikua tukijua jambo moja kuhusu asili yetu: sisi ni Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Baba mkubwa alilisema kwenye kila harusi, bakora mkononi, na sisi watoto tulilirudia shuleni hata pale ambapo hakuna aliyetuuliza. Watani wakija msibani kutusumbua, jibu lilikuwa tayari: nyamazeni, mnaongea na uzao wa Simba Mwene, mfalme wa Washambaa. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kaburi, shamba, wala mtu mmoja huko milimani wa kututambua. Lakini ukoo wa kifalme hauombwi risiti.

Jirani yangu ni mama wa kwaya, Mlutheri wa kushika dini. Alikuwa anakwenda kwao Usambara kwenye jubilei ya miaka 100 ya jengo la kanisa, na gari alilokodi likamkatalia usiku wa kuamkia safari. Akanigongea. "Mwalimu, si unasema kwenu ni huko huko? Twende basi ukawaone ndugu zako." Nikacheka, nikatia mafuta. Tukapita Muheza, Segera, Korogwe. Mombo tukanywa chai, tukaanza kupanda. Soni tukaiacha njia ya Lushoto tukakata kuelekea upande wa Bumbuli. Kijiji chenyewe sitakitaja, na sababu mtaiona.

Sherehe nisiisimulie sana. Matarumbeta yalianza ukungu haujaondoka. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka, na jogoo mmoja alinunuliwa mara nne, kila mnunuzi akimrudisha mezani auzwe upya, mpaka mwenyewe akawa amechoka kuwika. Ng'ombe wa pilau walichinjwa na Mwislamu ili wageni wote wale bila wasiwasi. Mimi na kofia yangu nikakalishwa mbele, pembeni ya shehe wa kijiji, ambaye nilikuja kuambiwa ni mpwa wa mwenyekiti wa kamati ya jubilei. Milimani kule mambo haya hayaelezwi, yapo tu.

Ikasomwa historia ya usharika. Hapo ndipo nilipoanza kukereka, ingawa nilikuwa mgeni na kukereka kwangu hakukuwa na haki yoyote. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, Vuga 1895, Bumbuli 1899. Kila mmoja wao alitajwa kwa jina la kwanza na la ukoo, na mkewe, na mwaka aliopanda meli kurudi kwao. Kisha msomaji akasema, "wakapokelewa na wenyeji." Wenyeji hao hawakuwa na majina. Vita ya kwanza ikaja, Waingereza wakawaondoa Wajerumani, na miaka ile ambayo sharika za Usambara zilibaki mikononi mwa walimu Waafrika ikapewa sentensi moja. Sentensi iliyofuata Wazungu wakawa wamerudi. Watu waliolishika kanisa peke yao miaka kadhaa, bila mshahara wa kueleweka, wakapita kama kivuli cha ndege.

Nje, chini ya turubai, walikuwa wamepanga meza ya vitu vya kale. Taa ya chemli, kinanda kilichokufa, picha za kipaimara zilizoliwa pembe, na kitabu kikubwa cha jalada jeusi. Aliyekuwa anakilinda ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu kama nitakavyokuwa mimi miaka michache ijayo, na alikilinda kweli. Mtoto akinyoosha kidole anatazamwa tu, kidole kinarudi.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza swali ambalo mjini siku hizi hatuulizwi: "Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia mimi ni wa Tanga mjini, Mkilindi. Akaniangalia kwa upole wa mtu aliyeshakutana na Wakilindi wengi wa mjini. "Wa nani?" akarudia. Nikataja babu. Hakumjua. Nikamwambia yale machache tunayoyajua kuhusu mama mzazi wa babu: kwamba alitoka milimani, kwamba mumewe alikuwa fundi wa reli, na kwamba alipokasirika alikuwa akiimba nyimbo ambazo nyumba nzima hakuna aliyezielewa. Mzee akatulia. "Fundi wa reli," akasema. "Yule aliyeshuka naye." Akafungua kitabu.

Nielezee kitabu hicho, kwa sababu ndicho hasa ninachotaka kukizungumzia. Ni daftari la ubatizo. Kila mtu ana mstari wake, na mstari una safu: namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la zamani, baba na mama, alikotoka, wasimamizi, aliyebatiza. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa zamani unaofanana na ushonaji wa cherehani, mistari inapanda na kushuka bila herufi kuonekana. Mzee hajui Kijerumani. Wageni walipokuwa wakija kutoka Ujerumani aliwaomba wamsomee ukurasa mmoja mmoja, naye akaandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Kazi hiyo imemchukua miaka, na hakuna aliyemtuma. Katikati ya kitabu mwandiko unabadilika ghafla, unakuwa wa duara, wa kusomeka, kwa Kiswahili. Ndio wale walimu wa ile sentensi moja. Kumbe walikuwa wakibatiza, wakiandika, wakiweka tarehe.

Bibi yetu huyo, mama wa babu, yuko kwenye kurasa za mwandiko wa cherehani. Jina la ubatizo ni la Kijerumani, la kuvunja ulimi. Kwenye safu ya jina la zamani kuna neno moja zuri, jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani. Baba: hajulikani. Mama: hajulikani. Alikotoka: Useguha, ndivyo Wajerumani walivyoandika Uzigua. Pembeni: amelelewa Lutindi. Na baadaye, kwa wino mwingine, mstari umekatwa, mbele yake pameandikwa neno moja: Tanga.

Sisi watoto wa Tanga tulitishana kwa jina la Lutindi. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwenzako akifanya upuuzi unamwambia atapelekwa. Tusichokijua wengi ni kwamba ilipoanzishwa mwaka 1896 haikuwa hospitali. Ilikuwa nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Wagonjwa walikuja miaka kadhaa baadaye. Na watoto wale hawakuanguka kutoka mbinguni. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Kilindi, alipofariki mwaka 1862, wana na wajukuu zake waligombea kiti, na vita vile viligharimiwa kwa watu: waliokamatwa wakauzwa kuelekea bandari kama Pangani, bunduki na baruti zikarudi. Biashara hiyo ilishazoeleka kiasi kwamba iliendelea kwa kificho hata Wajerumani walipokwisha kuweka bendera. Kwa maneno mengine, waliouza watu walikuwemo Wakilindi. Baba mkubwa amekuwa akisimama kwenye harusi miaka hamsini akijisifia upande wa muuzaji, na sisi tumetoka kwa mtoto aliyeuzwa.

Sikulia, msidhani. Nilisikia njaa ya ghafla, nikaenda kula pilau.

Niliporudi mezani mzee alikuwa na habari zaidi, za kusikia kwa mama yake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na mafundi na vibarua wa pwani wakawa wanapanda milimani kutafuta vyakula na wake. Binti akampenda mmoja, Mwislamu. Usharika ukamtenga, kama ilivyokuwa desturi, naye akashuka Tanga akasilimu na kupata jina la tatu, hili tunalolijua sisi. Nikamfikiria Karl Roehl, mmisionari aliyefanya kazi Usambara kisha akatafsiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ile ya mwaka 1937, akipunguza maneno ya asili ya Kiarabu kadiri alivyoweza. Bibi yangu safari yake ilikuwa ya kwenda upande mwingine. Na wote wawili walikuwa wanaongea Kiswahili.

Sasa maoni yangu, maana nimewazungusha. Kanisa lililokata mstari wa bibi yangu ndilo pekee lililohifadhi jina alilopewa na mama yake. Sisi familia tuliompenda tulilipoteza ndani ya kizazi kimoja. Msikiti wetu haukuwa na kitabu cha namna hiyo, serikali haikuwa na habari na mtoto wa kike asiye na baba. Kama si mmisionari mmoja kutaka kuandika jina lile kabla ya kulifuta kwa jina lake la Kijerumani, lingekuwa limekwisha duniani. Sijui nimshukuru au nimgombeze. Nafanya yote mawili.

Ndiyo maana nasema kwenye jubilei hizi tuachane kidogo na kusoma orodha ya wamisionari. Wana nyaraka zao Ujerumani na wajukuu wa kuwakumbuka. Isimame kwaya, isomwe safu ya jina la zamani. Ukurasa mmoja tu, kwa sauti, jina baada ya jina, jinsi yalivyoitwa kabla ya maji. Nusu ya watu waliokaa chini ya turubai, pamoja na shehe, wangesikia jina la nyumbani kwao. Na vitabu hivyo vipigwe picha kwa simu, leo, kabla ya semina na kabla ya kamati. Kile nilichokiona kinatunzwa kwenye sanduku la bati juu ya matofali, na mchwa wameshatoboa njia kutoka jalada la nyuma hadi miaka ya thelathini.

Wapo watakaosema, na jirani yangu alisema njiani tukirudi, kwamba mambo mengine yalizikwa kwa makusudi. Asili ya utumwa Tanga bado ni tusi. Kuna ndoa zimevunjika kwa mnong'ono wa namna hiyo, na mtu aliyeficha asili yake alikuwa na sababu. Nimelifikiria hilo kwa uzito. Ndiyo maana kijiji sijakitaja, wala jina. Lakini aliyezika hakuwa bibi. Bibi aliimba nyimbo zake hadharani, kila alipokasirika, sebuleni. Sisi ndio hatukuuliza ni lugha gani. Waliozika ni waliokuja baada yake, waliotaka kuoa nyumba nzuri, wakamvisha mama yao taji la Kilindi bila kumwuliza.

Na taji lenyewe! Mbegha, baba wa Wakilindi wote, simulizi zao wenyewe zinasema hakuwa Mshambaa. Alikuja kutoka milima ya Nguu, jirani kabisa na Uzigua. Alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, ndugu zake wakamnyima urithi, akakimbilia porini na mbwa wake na mikuki, akawa anawinda nguruwe na kugawa nyama mpaka Washambaa wakampa nchi. Mtoto asiyetakiwa kwao, akafika ugenini bila urithi. Nikimweka yeye na bibi yangu kwenye daftari moja sioni tofauti kubwa, isipokuwa mmoja alipewa nchi na mwingine alipewa mstari wa kukatwa. Huku mjini Mbondei, Mshambaa na Mzigua tunaitwa kwa neno moja, Boshazi, na baba mkubwa siku zote alilichukia neno hilo.

Nilimtumia picha ya ukurasa usiku ule ule, na maelezo marefu kuliko haya. Tiki mbili zikageuka bluu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili, shangazi akanipigia kuuliza nimemfanya nini kaka yake, hali chakula cha mchana. Ya tatu, baada ya alasiri, akapiga mwenyewe. Hakunisalimu.

"Hao Wazigua," akasema, "ni wa Handeni au wa Pangani?"

Nikamwambia, baba, kitabu kimeandika Useguha tu.

"Basi rudi ukamwulize huyo mzee," akasema. "Na unipitie, twende wote."