Bayosensa kwenye maziwa: dakika 30 kuanzia lini?

Kila bayosensa mpya, yaani kifaa kidogo cha kupimia vijidudu, ikitangazwa, habari huwa ni ileile: bakteria hatari wanabainika ndani ya dakika 30, wakati maabara inachukua siku. Kwa Rungwe au Njombe, kusini mwa Tanzania, ambako maziwa ya asubuhi hufika kwenye kituo cha kukusanyia maziwa yakiwa kwenye madumu yaliyofungwa nyuma ya bodaboda, ahadi hiyo si ndogo. Kuotesha bakteria kama Salmonella, yaani kuwazalisha maabara hadi waonekane, na kuthibitisha kwa njia ya kawaida huchukua siku tatu hadi tano. Majibu yakitoka, maziwa yalishanyweka.

Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anayesitasita huonekana mtu wa zamani anayetetea kazi yake. Nadhani hajasikilizwa.

Kifaa chenyewe ni ndugu wa kile cha kupimia sukari, wazo lililoanzia kwa Leland Clark mwaka 1962. Kingamwili au kipande cha DNA humnasa bakteria anayetafutwa, kisha kule kunasa hugeuzwa kuwa umeme au mwanga unaosomeka. Hiyo ndiyo kazi ya dakika 30, na saa huanza kuhesabiwa tone linapogusa kifaa. Tone ni kama sehemu ya ishirini ya mililita. Sasa chukua lita ya maziwa yenye bakteria 100 wa E. coli O157, aina ambayo hata chini ya 100 wanaweza kumlaza mtoto hospitali. Ukichota matone 200 kutoka kwenye lita hiyo, tarajia kumkuta mmoja tu. Matone mengine yote kifaa kitasema salama, na kuhusu matone hayo kitakuwa kimesema kweli.

Wahandisi wanalijua hilo. Wengine hutumia chembe za sumaku kuwakusanya bakteria kutoka sampuli kubwa, ingawa mafuta na protini za maziwa huziba njia. Wengi hurudi kwenye dawa ya kale: sampuli inawekwa kwenye mchuzi wa virutubisho, penye joto, bakteria wazaane kwanza. Hata wakiongezeka maradufu kila dakika 20, hiyo ni kazi ya saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Yaani ni kuotesha kulekule, ila hakutajwi kwenye tangazo.

Wanaoitetea bayosensa wana hoja, tena nzito. Kipimo cha spiriti cha vituoni huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha. O157 hakimjui kabisa. Na kiwandani, bidhaa ikishapita kwenye moto, kipimo cha haraka kina thamani kubwa. Mlipuko wa bakteria wa Listeria wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018 uliua watu zaidi ya 200, na ilichukua miezi kugundua kwamba chanzo kilikuwa nyama ya kusindikwa. Kuwahi hata kwa wiki mbili kungeokoa watu.

Kituoni ni habari nyingine. Karani anachanganya maziwa na spiriti kwenye kibomba cha kioo, anatikisa, yanakatika, dumu linarudishwa. Linarudi wapi? Nyumbani kwa mfugaji, maziwa yagandishwe mtindi au yauzwe kwa jirani. Bayosensa ikilikataa dumu, litapita njia hiyohiyo, tena safari hii likiwa na bakteria waliothibitishwa. Sijaona tangazo linalogusia hapo.

Na kuna dakika 30 nyingine zisizo na mtangazaji: maziwa yakishikiliwa kwenye joto la nyuzi 63 za Selsiasi kwa muda huo, Salmonella, Brucella na huyo O157 wanakufa, wamepimwa au hawajapimwa.

Kwa hiyo kama kituo cha Tukuyu, mjini Rungwe, kina fedha ya kitu kimoja, kinunue tangi la kupasha na kupozea. Bayosensa ianzie kiwandani, kwenye mashine za kufungashia na sakafu zenye unyevu, ambako Listeria hupenda kujificha na ambako kuna maabara ya kuhakiki inachosema.