Horno: kijiji kilicholindwa na katiba, kikaliwa na mgodi

Katiba ya jimbo la Brandenburg, mashariki mwa Ujerumani, ina ibara ya 25 inayowahakikishia Wasorbi ulinzi wa utambulisho wao na wa eneo lao la asili. Kijiji cha Horno, ambacho wenyewe kwa Kisorbi walikiita Rogow, kilikuwa ndani ya eneo hilo. Leo hakipo. Na kinachoniudhi ni kwamba hakuna aliyeivunja ibara ile kwa siri. Ilipelekwa mahakamani mchana kweupe, ikapimwa, ikaonekana nyepesi kuliko makaa.

Wasorbi ni Waslavi, lugha yao ni ndugu ya Kipolandi na Kicheki, na mababu zao walifika Lausitz, eneo la mashariki mwa Ujerumani, yapata karne ya 6. Kwa kawaida wanakadiriwa kuwa watu 60,000 hivi. Wanazi waliipiga marufuku jumuiya yao, Domowina, mwaka 1937, na vijiji vingi vikapachikwa majina ya Kijerumani. Hayo waliyavumilia, wakaendelea kulima.

Horno ilikaa kwenye mwinuko kati ya miji ya Forst na Guben, si mbali na mto Neiße unaopakana na Poland. Wakazi walikuwa kama 350, theluthi yao hivi wakiwa Wasorbi. Udongo wa huko ni kichanga, haujawahi kumtajirisha mkulima yeyote. Utajiri ulikuwa chini: makaa ya kahawia, aina laini ya makaa ya mawe, yamelala chini ya makumi ya mita za mchanga. Serikali ya Ujerumani Mashariki iliyategemea kwa umeme wake, na kituo cha Jänschwalde kilijengwa jirani kikiwa na uwezo wa megawati 3,000. Mgodi uliokilisha kituo hicho haukuchimbwa kwa mahandaki. Kulikuwa na daraja la chuma linalotembea, urefu wake kama nusu kilomita, lililoundwa kuondoa udongo wa unene wa mita 60 upande mmoja na kuumwaga upande wa pili. Mbele yake shamba, kisima na kaburi vyote vilikuwa udongo tu wa kusogezwa.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, watu wa Horno walikuwa na sababu ya kutumaini. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya jimbo ikawapa ushindi: mpango wa mgodi ulibatilishwa, kwa kuwa kijiji hakiwezi kufutwa bila sheria ya bunge. Basi bunge likatunga sheria! Ilikuwa 1997. Mwaka uliofuata mahakama ileile ikasema sawa, ibara ya 25 ni lengo ambalo serikali hupaswa kulipima pamoja na mengine, kama nishati na ajira. Mwaka 2000 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo ikalikataa shauri lao, ikiona kwamba wakazi wanahamishiwa Forst, bado ndani ya eneo la Wasorbi.

Hapo ndipo ninapogoma. Hoja hiyo inamwona Msorbi kama mtu mwenye lugha na ngoma anazoweza kuzifunga kwenye sanduku akaondoka nazo. Baadhi kweli zinabebeka. Lakini chukua mchezo wa jogoo, unaochezwa Lausitz ya Chini baada ya mavuno: lango hujengwa shambani, jogoo aliyekwisha kuchinjwa hutundikwa juu, na vijana hupita chini yake wakiwa juu ya farasi mbio, kila mmoja akijaribu kumnyofoa kichwa. Mchezo huo unataka shamba lililovunwa na watu walioona mazao yake yakiota. Ukiwapa fidia na nyumba mpya pembezoni mwa mji, unaweza kuwapa hata uwanja wa kuuchezea. Mavuno huwapi.

Kanisa lao la kale lililipuliwa Novemba 2004. Kule Forst walikohamia kuna kituo cha kumbukumbu za vijiji vilivyopotea, maana Horno si peke yake: vijiji zaidi ya 130 vya Lausitz vimeliwa na migodi, vizima au kwa sehemu. Sakafuni kuna zulia lenye ramani ya eneo lote, na mgeni husukuma juu yake kifaa kilichofanana na mashine ya kufyonza vumbi, habari za kila kijiji zikajitokeza kwenye skrini. Kazi nzuri, sibishi. Ila ni wepesi wa ajabu kumhifadhi mtu katika jumba la kumbukumbu baada ya kumshinda mahakamani.

Mgodi wa Jänschwalde ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2023. Huko Saxony, jimbo jirani, kijiji kingine cha Wasorbi, Mühlrose, kilifikia makubaliano ya kuhama mwaka 2019, na watetezi wa mgodi hupenda kukumbusha kwamba safari hii wengi wa wakazi waliridhia. Waliridhia, ndiyo, baada ya miaka mingi ya kuishi bila kujua kama inafaa kuezeka upya paa la nyumba. Ridhaa ya aina hiyo mimi siiandiki upande wa mgodi.