Hata Huku Kuna Cha Juu

Ijumaa jioni nimetoka zamu, nimekaa garini nikisubiri hita iyeyushe barafu kwenye kioo, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni dalali wa nyumba. Nilidhani ananitumia anwani ya ile nyumba tuliyopanga kwenda kuiona Jumamosi saa nne asubuhi. Kumbe ni mkataba, kurasa sita. Kwamba kwa miezi sita, nyumba yoyote nitakayonunua mimi na mume wangu katika kaunti hii, yeye ana asilimia tatu yake, na muuzaji asipotoa, nitatoa mimi. Chini kuna kialama cha njano: weka sahihi hapa. Nikampigia. "Dada, ni taratibu tu. Bila hiyo karatasi siruhusiwi kukupeleka ndani."

Nilicheka peke yangu mpaka barafu ikaisha. Miaka tisa niko Columbus, Ohio, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba hela ya kuona nyumba niliiacha Sinza, Dar es Salaam, kwa yule kijana aliyenila elfu ishirini kunionyesha chumba na sebule ambacho mpangaji wake alikuwa ndiyo anatoka kuoga.

Hiyo karatasi ni ngeni hata kwa wenyeji. Zamani, na zamani ya huku ni kabla ya tarehe 17 Agosti 2024, mnunuzi alizungushwa nyumba kumi, akanunuliwa hata kahawa, halafu akaambiwa huduma hii haikugharimu hata senti, muuzaji ndiye analipa. Siku ya kukabidhiana ilikatwa asilimia tano au sita ya bei, madalali wawili wakagawana, wa muuzaji na wa mnunuzi. Mtu aliyeleta fedha zote mezani anaondoka akishukuru kwa huduma ya bure! Oktoba 2023, jopo la raia mahakamani Kansas City likaona kwamba utaratibu huo ulikuwa njama ya kupandisha malipo, likataja fidia ya karibu dola bilioni 1.8. Machi 2024 chama chao kikubwa, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni. Ndiyo maana sasa lazima mwandikishane kabla hajakupeleka kwenye nyumba, na kiasi chake kisomeke wazi.

Kwa Kiswahili cha Manzese hicho kilikuwa cha juu. Mwenye nyumba ana bei yake moyoni, dalali anaweka yake juu, wewe unalipa jumla huku unaambiwa umependelewa. Ilibidi Wamarekani waende mahakamani kugundua jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutafuta fremu Temeke angewaambia kwa soda moja.

Sasa najua mtakachosema, kwa sababu nilishaambiwa tayari, tena baada ya ibada, mbele ya sufuria ya pilau. "Mama fulani siku hizi anajifanya mjuaji, hata dalali hamtaki." Na kibaya zaidi, dalali mwenyewe ni mtu wetu. Anazungumza Kiswahili, alichangia msiba wa baba yangu, watoto wetu wanasoma pamoja. Kumkatalia sahihi ilikuwa kama kumkatalia mkono. Lakini asilimia tatu ya nyumba ya dola 318,000 ni dola 9,540. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni karibu milioni 24. Mchango wa msiba naukumbuka na nitaurudisha, ila haukuwa milioni 24. Naomba mnielewe, siyo maringo, ni hesabu ya mtu anayelala saa tano kwa siku.

Halafu kulikuwa na jambo lililonikera kuliko fedha. Usiku ule nilikuwa nimelala kitandani na simu, mume anakoroma, nikafungua tovuti ya mkaguzi wa hesabu wa Kaunti ya Franklin, ndiyo kaunti yetu. Nikaandika anwani ya ile nyumba. Jamani. Jina la mwenye nyumba hili hapa. Aliinunua 2003, na bei aliyoinunulia imeandikwa. Kodi ya mwaka jana, imelipwa. Mchoro wa nyumba na vipimo vyake, picha ya mbele, mwaka wa kujengwa 1964. Sikuomba kibali, sikumjua mtu, sikulipa hata chai. Nikaangalia na nyumba ya msimamizi wangu wa kazini, Mungu anisamehe, anatudanganya kuhusu bei.

Usingizi ulipotea kabisa, nikaanza kufikiria kiwanja chetu cha Madale, kule Dar.

Mnaoijua Madale mnajua. Mwaka wa tatu nikiwa huku tulituma fedha kupitia kaka yangu, tukanunua kiwanja cha milioni 18. Dalali alikuwa na bodaboda, simu tatu na majibu ya kila swali. Barabara? Inapita hapo hapo. Maji? Bomba lipo kwa jirani. Hati? Iko kwenye mchakato. Mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri na kuchukua asilimia yake, mjumbe akasaini, majirani wawili wakasaini. Baada ya miezi minane kaka anapeleka tofali, anakuta kuna mtu ameshachimba msingi, na yeye ana karatasi yenye muhuri ule ule. Mzee mwenye shamba alipobanwa alisema yeye alipokea milioni 14. Nne zilikuwa cha juu, na juu ya hapo dalali alikuwa ameshachukua asilimia kumi kwetu. Kesi bado iko baraza la ardhi, msiniulize.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nilimchukia yule dalali, nitasema ndiyo, sana. Lakini nikimuondoa, Madale ningeingiaje? Nani angeniambia kwamba kile kiwanja cha kona ni cha mirathi na watoto wa mke mkubwa hawajakubali? Nani anajua kwamba ule ukuta mweupe ulioandikwa ENO HALIUZWI, herufi imerukwa hivyo hivyo, umeandikwa na mpangaji na siyo mwenye eneo? Wizarani kuna upekuzi, sawa, ila upekuzi unakusaidia pale penye hati, na nusu ya watu ninaowajua wamejenga kwa karatasi za serikali ya mtaa. Habari za ardhi yetu ziko vichwani mwa watu. Dalali ndiye anayejua vichwa hivyo viko wapi, vinakunywa bia gani, na vinadaiwa na nani. Tunamhitaji kwa kile kile anachotuibia nacho.

Huku habari yote iko kwenye simu yangu saa nane ya usiku, na bado kuna mtu anataka asilimia tatu kwa kujua namba ya kisanduku cha ufunguo kinachoning'inia mlangoni. Ndicho kinachonichosha. Penye giza dalali wetu ana bodaboda na mdomo. Penye taa dalali wao ana leseni, suti, na picha yake kwenye benchi la kituo cha basi. Leseni yenyewe Ohio ni masomo ya saa 120, halafu mtihani. Msusi wa saluni anasoma zaidi ya hapo, na akikosea nywele zinaota tena.

Ndugu zetu wa Kenya watakuja mbio kusema wao wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984 na Ardhisasa, mfumo wao wa ardhi mtandaoni, tangu 2021. Hongereni. Ila kaulizeni walionunua viwanja Kitengela kwanza.

Kuna msomaji mmoja, namuona kabisa, anaandika: "Umeishi Marekani miaka tisa sasa unatudharau." Wewe, mimi nimesema nini? Nimesema wao walikatwa cha juu kwa miaka wasijue, sisi tunakijua na tunakilipa macho makavu. Kama kuna anayedharauliwa hapo, ni nani? Yule kijana wa Sinza alisimama mbele yangu, akanyoosha mkono, akasema dada elfu ishirini. Nilimtukana lakini nilimuona. Huku ilikuwa imeshonwa ndani ya bei ya nyumba, ikalipwa kwa mkopo wa miaka 30, pamoja na riba.

Na simaanishi kila mtu afanye kama mimi. Rafiki yangu mmoja, mama wa Bukavu, Kiingereza chake cha dukani tu, alipewa dalali aliyekaa jikoni kwake jioni nne mfululizo akimsomea kila ukurasa, akaenda naye benki, akagombana na muuzaji kuhusu paa mpaka likabadilishwa. Yule mama angetoa hata asilimia nne, na angekuwa na haki. Ila na yeye nilimwambia, kiwango kinajadiliwa. Hakuna sheria ya tatu. Sisi tunaopunguziwa bei ya nyanya mpaka muuzaji anatuzomea, tukifika huku tukiona asilimia imechapwa kwa kompyuta tunanyamaza kama tuko mbele ya hakimu.

Basi sikusaini. Jumapili nyumba ile ile ilikuwa wazi kwa wapita njia, mlango umeachwa, biskuti mezani, dalali wa muuzaji anatabasamu. Kuingia siku ya namna hiyo hakuhitaji kuandikishana na mtu. Nilizunguka nikifungua kabati kama mama mkwe. Yule dalali aliponiuliza nawakilishwa na nani nikasema najiwakilisha. Akaniambia muuzaji alikuwa tayari kuchangia malipo ya dalali wa mnunuzi. Nikamwambia vizuri, kwa kuwa sina dalali, naomba mchango huo ushuke kwenye bei. Alinitazama kama nimemwomba sahani ya kubeba nyumbani. Na hapa muelewe: usipoomba, hakipungui kitu, mwingine anaweza kukitia mfukoni chote.

Nikamlipa wakili dola 950 aandike ofa na kupitia mkataba. Kishika uchumba, ile pesa ya kuonyesha nia ya kununua, hakikwenda mkononi kwa mtu, kilikwenda kampuni inayokagua hati, kikakaa huko. Mkaguzi wa nyumba akapanda juu ya paa, akaacha kidude chini ya nyumba siku mbili kupima radoni, ile gesi ya ardhini isiyonuka. Ikasoma 6.1, na huku wanashauri kuanzia 4 uchukue hatua, kwa sababu ya saratani ya mapafu. Muuzaji akaweka bomba na feni ya kuitoa nje. Tukamaliziana kwa dola 311,500. Nimeshusha 6,500, bila suti. Wiki hiyo nilitembea kama mbunge.

Mwezi wa pili maji machafu yakarudi bafuni. Nyumba ya 1964, bomba la udongo wa kuchoma, mizizi ya mti wa mbele imeingia ndani yake kama nywele. Dola 4,300. Fundi, kijana tu, akaniuliza kwa upole, "Hukupitisha kamera kabla ya kununua?" Kamera gani? Sikujua kwamba kuna kamera inapitishwa kwenye bomba la choo. Dalali mzoefu wa mitaa hii pengine angenishauri, kwa sababu nyumba zote za umri huo zina miti hiyo hiyo.

Haya, pigeni vigelegele. Mume wangu alishapiga. Toeni 950 ya wakili, toeni 4,300 ya bomba, nimebaki na dola 1,250 na maneno mengi. Bado sikubali. Kushauriwa kamera ni neno moja, nitalilipia neno moja. Kama angekuwapo mtu wa kunitoza kwa saa, kama fundi, ningemwita asubuhi hiyo hiyo. Wapo wachache wanaofanya hivyo, na siku nyingine nitawatafuta mapema. Ninachokataa ni kulipa kwa ukubwa wa nyumba wakati kazi ya kufungua mlango wa nyumba kubwa na wa nyumba ndogo ni ile ile.

Yule ndugu yetu dalali tumeshasalimiana. Alikuja kwenye sala ya nyumba, akala, akazunguka akitazama kuta. Akasema, "Dada, bei nzuri." Sijui ilimgharimu kiasi gani kusema hivyo, na nilimfungia chapati za kwenda nazo.

Mama ndiye bado hatujaelewana. Nilimpigia Mbagala kwa video, nikamtembeza chumba kwa chumba, jiko, uani, hadi ule mti mkorofi. Akafurahi, akaimba kidogo. Halafu akauliza, "Dalali alikuwa nani?"

"Hakukuwa na dalali, mama."

"Eh. Na mjumbe wa hapo alisaini?"

"Huku hakuna mjumbe."

"Majirani je? Nani alisimama mkipimiana?"

Nikamwambia jina langu limeshaingia kwenye tovuti ya kaunti, mtu yeyote duniani anaweza kuliona, hata yeye hapo alipo. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "kesho wapikie majirani chochote, wapelekee. Wakujue sura."

Nimepeleka maandazi nyumba tatu. Ya nne hawajafungua.