Anayepimwa tansio aulizwe pia kuhusu huzuni

Mama wa Kadutu, hapa Bukavu, anapokwenda kituo cha afya kupima tansio, yaani shinikizo la damu, muuguzi humfunga mkanda mkononi, huandika 170/100 kwenye kijitabu, kisha humwambia apunguze chumvi na asiache vidonge. Akisema usiku halali, chakula hakipiti na hata kanisani haendi tena, anajibiwa: "Mama, acha kuwaza sana." Naona hapo tunamwacha nusu ya njia, ingawa wanaosita kuunganisha tiba ya tansio na moyo na ile ya huzuni wana hoja za kusikilizwa.

Kwamba yanahusiana, hilo halibishaniwi. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal walichapisha matokeo ya wagonjwa 222 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Wenye sonona, yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miezi 6, hata baada ya kuzingatia moyo ulivyodhoofika. Msongo wa muda mrefu hupandisha mapigo na tansio. Tena aliyekata tamaa husahau dawa na haoni sababu ya kutoka nyumbani. Upande wa pili, mbeba mizigo ambaye moyo haumruhusu tena kupanda kutoka ziwani hadi soko la Kadutu anapoteza riziki, na huzuni inamkuta nyumbani.

Wanaosita wanataja utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa karibu 2,500: tiba ya mazungumzo iliwapunguzia huzuni, lakini vifo havikupungua. Wanaongeza kwamba uchovu na kukosa usingizi ni dalili za moyo dhaifu pia, kwa hiyo maswali yanaweza kupotosha. Na hapa Bukavu, tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, nani hana sababu ya kukosa usingizi? Ni hoja ya kweli. Si kila machozi ni ugonjwa, na muuguzi mwenye foleni mlangoni hawezi kumtuma kila mtu Sosame, kituo cha magonjwa ya akili.

Lakini utafiti ule haukusema huzuni iachwe. Mtu kupata nafuu ya huzuni yake ni faida tosha, hata kama miaka yake haiongezeki.

Kinachonisumbua zaidi ni dawa. Amitriptilini ni ya zamani na ya bei nafuu, nayo hutolewa kwa sonona, hata kwa usingizi na maumivu. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na haifai kwa aliyetoka kwenye mshtuko wa moyo. Setralini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo, matokeo yakatoka mwaka 2002, ikaonekana salama kwa moyo. Fluoksetini nayo, ya kundi hilohilo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sasa kama anayetibu moyo haulizi huzuni, na anayetibu huzuni haulizi moyo, nani atagundua kwamba mama huyu amenunua amitriptilini dukani ili apate usingizi? Kijitabu cha tansio kina nafasi ya kuandika dawa zote anazomeza, na kumuuliza kama bado anafurahia chochote hakuchukui hata dakika moja.