Kadi Nyingi, Sahani Chache: Je, Kerneli Iahidi Kumbukumbu Isiyokuwa Nayo?

Kamati za harusi hapa Dodoma zina hesabu zake. Kadi zinagawiwa, nyingine za singo, nyingine za dabo, na ukizijumlisha unapata watu 300. Mpishi anaambiwa apike sahani 260. Hakuna anayeiona kamati kuwa ya waongo. Mwenye kadi ya dabo mara nyingi huja peke yake, mwingine ameitwa msibani Kondoa, mwingine alichanga tu ili asisemwe. Kazi inakuja siku ile moja ambayo wote wanatokea.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta kinachozigawia programu kumbukumbu (RAM), ni kamati ya namna hiyo. Programu ikiomba gigabaiti 2 za kumbukumbu, kwa kawaida inajibiwa "chukua" kabla RAM yoyote haijatengwa kwa ajili yake. Nimelifikiria sana jambo hili tangu mwaka jana, nilipoitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo hapa mjini. Mishahara ya serikali ilikuwa imeingia, wanachama wamejaa dirishani, na hifadhidata ikazimika. Haikuharibika, wala umeme haukukatika. Kerneli iliiua kwa makusudi, ikaandika kwenye orodha ya matukio ya seva kwamba imeiua.

Ahadi yenyewe inatolewaje? Kila mchakato, yaani programu ikiwa kazini, una anwani zake za kumbukumbu na unaishi kama vile kompyuta nzima ni yake. Kwenye vichakataji vingi vya biti 64 anwani hizo ni za biti 48, eneo la terabaiti 256. Seva ya chama ilikuwa na RAM ya gigabaiti 8. Kinachounganisha ulimwengu huo mpana na RAM hiyo ndogo ni majedwali ya kurasa. Kumbukumbu imekatwa vipande vya baiti 4,096, ndizo kurasa, na jedwali linaeleza ukurasa fulani wa mchakato fulani umekaa kwenye fremu gani ya RAM, yaani nafasi halisi ya ukubwa uleule.

Jedwali moja refu lingekuwa kubwa kupita kiasi, kwa hiyo majedwali yamepangwa kwa ngazi 4. Anayekumbuka operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ataelewa mara moja: mkoa, wilaya, kata, mtaa, halafu namba ya nyumba. Biti 9 zinachagua mkoa, 9 wilaya, 9 kata, 9 mtaa, na 12 zilizobaki ni namba ya nyumba. Kila jedwali lina nafasi 512 za baiti 8, yaani baiti 4,096, kwa hiyo jedwali lenyewe linaenea ukurasa mmoja kamili, halipungui wala halizidi. (Mimi hesabu hiyo bado inanifurahisha, miaka yote hii.)

Faida ya ngazi ni kwamba pori lisilo na watu halihitaji orodha ya mitaa. Eneo ambalo programu imeliomba bila kuligusa halina majedwali. Kerneli imeandika tu kwenye daftari lake kwamba kutoka anwani hii mpaka ile pameombwa. Programu ikiandika pale kwa mara ya kwanza, kichakataji kinakuta nafasi tupu na kuigongea kerneli mlango. Kerneli inatafuta fremu, inaijaza sifuri, inaiingiza kwenye jedwali, na programu inaendelea bila kujua kwamba ilisimamishwa.

Kwa hiyo kuahidi ni rahisi mno, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Kumfanya mwandishi wa programu aone kumbukumbu kubwa kuliko iliyopo si jambo geni. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilifanya hivyo mwaka 1962. Lakini nyuma ya Atlas kulikuwa na ngoma ya sumaku ya kutimizia ahadi. Linux, isipokatazwa, huahidi hata kisichokuwepo popote, si kwenye RAM wala kwenye diski.

Nina rafiki anayefundisha kompyuta chuoni. Sisi tunamwita Mwalimu tu. Tulibishana jioni nzima kwenye kijiwe cha kahawa Majengo. Msimamo wake haupindi: "Fundi, kama huna, sema huna." Alinikumbusha kwamba Windows hufanya hivyo. Jumla ya kumbukumbu iliyoahidiwa haiwezi kuvuka RAM ukijumlisha na faili la kurasa lililoko kwenye diski. Ikifika hapo, anayeomba anakataliwa. Linux nayo inaweza kulazimishwa: ukiweka 2 kwenye mpangilio wake uitwao vm.overcommit_memory, inahesabu kila ahadi na kukoma kwenye kikomo. Nyaraka za hifadhidata ya PostgreSQL zenyewe zinapendekeza hivyo. Hoja yake ni kwamba aliyekataliwa mlangoni anaweza kurudi nyumbani akale ugali wake, lakini aliyeinuliwa mezani mkono uko kwenye pilau hana la kufanya. Programu iliyojibiwa "hapana" ilipoomba inaweza kuhifadhi kazi na kutoka kwa heshima. Iliyouawa na kerneli haipewi hata nafasi ya kusema kwaheri.

Ni hoja nzito, na kama ningekuwa sijawahi kusimamia seva ningeikubali yote. Ila kuna mambo mawili yananizuia.

La kwanza ni jinsi michakato inavyozaliwa. Mchakato wa gigabaiti 3 ukitaka kuanzisha programu ndogo ya kutuma barua pepe, njia ya kale ya Unix ni kujinakili kwanza. Kerneli hainakili gigabaiti 3 kwa kweli. Inanakili majedwali ya kurasa, inaziwekea kurasa zote alama ya kusomwa tu, na mzazi na mtoto wanaelekezwa kwenye fremu zilezile. Ukurasa unanakiliwa pale tu mmoja wao anapouandikia. Mtoto anaishi muda wa kupepesa jicho kisha anageuka programu nyingine. Kerneli isiyotaka kuahidi asichonacho italazimika kudai gigabaiti 3 nyingine kwa ajili ya mtoto huyo, na ikizikosa, barua pepe haiendi ingawa RAM tupu ipo. Ndiyo sababu Redis, hifadhidata nyingine, inayojinakili namna hiyo kila inapohifadhi data nyuma ya pazia, inawaomba wasimamizi waweke 1 kwenye mpangilio uleule, maana yake ahidi kila kitu.

La pili ndilo kubwa zaidi kwangu. "Hapana" ya mlangoni haimwangukii aliyejaza tumbo, inamwangukia anayefuata kwenye foleni. Tuliijaribu kanuni ya Mwalimu kwenye seva ya chama. Kikomo cha Linux katika hali hiyo, usipokibadilisha, ni nusu ya RAM pamoja na swapu yote, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa. Aliyeisimika seva hakuweka swapu, basi kikomo kikawa gigabaiti 4, wakati ahadi zilizokwishatolewa zilikuwa zaidi ya 9. Aliyekuwa wa kwanza kuambiwa "hapana" ni mimi mwenyewe, nikijaribu kufungua dirisha jingine la amri ili nione kinachoendelea. Na programu nyingi hazikuandikwa kulisikia jibu hilo. Zinaanguka palepale, kwa ujumbe usioeleweka.

Mwalimu alicheka. "Ongeza swapu," akasema, "si ya kutumia, ni dhamana." Hapo, kwa kweli, alinifunga. Faili la swapu la gigabaiti 8 linapandisha kikomo hata kama haliguswi siku nyingi, na kila ahadi inakuwa na mahali pa kutimizwa. Ubaya ni siku linapoguswa: diski ya chama ni ya zamani, ya kuzunguka, na seva inayotambaa dakika 20 dirishani haina tofauti kubwa na iliyokufa.

Lakini nilipozidi kuchimba niliona kwamba siku ile kilichoumiza zaidi ya ahadi ni uchaguzi wa nani atolewe. Kumbukumbu ikiisha kabisa, Linux hutafuta mchakato mnene kuliko wote na kuuua. Harusini sahani zikiisha hukosa waliochelewa. Kwenye harusi ya kerneli wahudumu wanaangalia meza yenye chakula kingi na kuiondoa. Yaani anayetolewa ni bwana harusi.

Tena wanene hao wanapimwa kwa mizani yenye kasoro. Hifadhidata ya chama, ambayo ni PostgreSQL hiyohiyo, ilikuwa na kumbukumbu ya pamoja ya gigabaiti 2, inayotumiwa na michakato 120, mmoja kwa kila muunganisho. Kila mmoja unahesabiwa kama vile gigabaiti hizo 2 ni zake peke yake. Pembeni palikuwa na programu ya ripoti ya mwezi, ambayo mhasibu aliianzisha asubuhi ile na ikafika karibu gigabaiti 1.8, zote zake. Kerneli ikaona 2 ni nyingi kuliko 1.8, ikaua muunganisho mmoja wa hifadhidata, mauaji ambayo yenyewe hayakuachia karibu chochote, maana kumbukumbu ya pamoja ilibaki inatumiwa na wengine. Na PostgreSQL ikipoteza mtoto mmoja kwa kuuawa, inaangusha wote na kuanza upya, kwa kuhofia data ya pamoja imevurugika. Hapo ndipo dirisha lilipofungwa.

Kulikuwa na mlaji mwingine ambaye hakuna aliyemwalika: majedwali yenyewe. Gigabaiti 2 kwa kurasa za baiti 4,096 ni nafasi 524,288. Kwa baiti 8 kila moja, ni megabaiti 4 za majedwali. Fremu ni za pamoja, lakini kila mchakato una majedwali yake. Zidisha kwa 120, unapata megabaiti 480. Karibu nusu gigabaiti imeliwa na kadi za mwaliko peke yake! Mstari wa PageTables ndani ya /proc/meminfo, faili ambamo kerneli huonyesha matumizi ya kumbukumbu, ulikuwa unalisema hilo siku zote, hakuna aliyeusoma. Tulipoihamishia kumbukumbu ya pamoja kwenye kurasa kubwa za megabaiti 2, majedwali ya kila mchakato kwa eneo hilo yakashuka hadi kilobaiti 8, na yote 120 hayafiki megabaiti moja. Mimi na Mwalimu tulikuwa tumebishana saa mbili kuhusu maadili ya kerneli, na karibu nusu gigabaiti imekaa pale inatusikiliza.

Seva inayofanya kazi moja tu, hasa ya kushika fedha za watu, ningeipa kanuni ya Mwalimu, pamoja na swapu ya dhamana. Kompyuta ya mwanafunzi, au simu ya Android ambayo tangu zamani imezoea kuua programu za nyuma mwenyewe akiwa hana habari, iachwe iahidi. Seva ya chama iko katikati, ina hifadhidata, ina ripoti, na ina vitu ambavyo hata sijui nani aliviweka. Niliiacha iendelee kuahidi. Ila mchakato mkuu wa hifadhidata niliupa alama ya -1000, ambayo inamwambia kerneli huyu haguswi kamwe, na ripoti nikaifungia kwenye kundi lenye mpaka wake wa gigabaiti 1.5, ikivuka inauawa humohumo bila kumgusa jirani.

Mshahara uliofuata, saa nne na nusu asubuhi, simu ikaita. Mhasibu: "Kaka, ripoti yako imekatika." Nyuma yake nilisikia foleni, watu wanaitwa namba, mashine ya risiti inakereza. Nikamwomba aianze tena saa kumi, dirisha likifungwa.

Nilipomsimulia Mwalimu, alimalizia kikombe chake kwanza. "Kwa hiyo kerneli bado inadanganya," akasema, "ila sasa umemchagulia wa kumdanganya."