Omeprazoli ya miaka: uiache au uendelee?

Kiungulia sugu kikitajwa, watu hugawanyika mara moja. Kuna wanaosema omeprazoli, kidonge cha kupunguza asidi ya tumbo, ni dawa ya wiki chache tu, ukiizoea itakumaliza figo na mifupa. Na kuna wanaoimeza kila asubuhi, mwaka wa tano huu, wakiuliza madhara yenyewe yako wapi.

Asidi hupanda kwa sababu msuli unaofunga mwisho wa umio, yaani mrija wa chakula, pale unapoingia tumboni, umelegea au unafunguka ovyo. Omeprazoli haiugusi msuli huo. Inazima pampu zinazotengeneza asidi, basi. Anayelalamika kwamba ameacha dawa na kiungulia kimerudi, kwa hiyo haitibu, anaidai kitu ambacho haikuahidi.

Wenye hofu hawakuzua. Tafiti nyingi zinazofuatilia watumiaji zimeihusisha dawa hii na kuvunjika mifupa, ugonjwa wa figo na upungufu wa vitamini B12. Lakini wanaoimeza kwa miaka mingi mara nyingi ni wazee wenye maradhi mengine, na ni vigumu kujua lipi limeletwa na dawa. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 17,000 wa moyo na mishipa ya damu: nusu walipewa pantoprazoli, ndugu wa omeprazoli, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa takriban miaka 3. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa maambukizi ya utumbo, 1.4% dhidi ya 1%. Miaka 3 si 20, nakubali, ila sumu tunayotishiwa haikuonekana.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni jinsi ilivyo vigumu kuiacha. Katika utafiti wa Denmark wa mwaka 2009, watu wazima wasio na kiungulia kabisa walipewa dawa ya jamii hii kwa wiki 8. Walipoacha, zaidi ya 4 kati ya 10 walianza kupata dalili za asidi. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa kama 15%. Sasa mfikirie mgonjwa wetu: anaacha ghafla, kifua kinawaka, anaamini ugonjwa umezidi, anarudi duka la dawa. Kupunguza dozi kidogo kidogo kungemwepusha na mzunguko huo.

Hata hivyo, shauri la kuacha halimfai kila mtu. Aliyechubuka umio vibaya, au ambaye utando wake umeshabadilika kwa kuunguzwa na asidi, anahitaji kinga ya kudumu.

Upasuaji wa kukaza mlango wa tumbo je? Upo tangu miaka ya 1950, na unafanya kazi kwa aliyechaguliwa vizuri. Marekani waliwachunguza watu 366 ambao dawa "zilishindwa". Kwanza walielekezwa kumeza omeprazoli ipasavyo, kabla ya chakula: 42 wakapata nafuu hapo hapo. Wengine 99 vipimo vilionyesha kuungua kwao hakutokani na asidi wala ugonjwa mwingine wa umio. Waliofikia kulinganishwa walikuwa 78 tu. Upasuaji ukawafaa 67% ya waliofanyiwa, dawa za ziada 28%.

Kwetu hesabu hiyo ingeweza kuwa mbaya zaidi, maana kila kinachochoma huitwa vidonda vya tumbo na mtu hupewa antibayotiki za bakteria wa tumboni, ambazo msuli uliolegea hauzijui. Wengi humeza omeprazoli baada ya kushiba, kisha wanalala. Mwenye kiungulia cha kawaida angeanza na kuimeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa wiki 8, kula mapema jioni, kuinua kichwa cha kitanda, kupunguza uzito uliozidi, halafu aitafute dozi ndogo inayomtosha.

Ila anayekwamwa na chakula, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asibishane na mtu kuhusu vidonge. Aende hospitali yenye kipimo cha kamera.