Kabla ulaumu maabara, uliza bambo liliingia wapi

Wiki jana kwa kibanda cha chai hapa karibu na Chiromo kulizuka ubishi ambao bado unanizunguka kichwani. Kuna dada tunafahamiana, ana PhD ya fizikia, sasa amepata ile kazi ya utafiti ya miaka miwili wanayopewa watu wakishamaliza PhD. Kazi yenyewe ni kuigiza kwa kompyuta vitu vya punjepunje vikimwagika na kusukumana, mahindi, mchanga, saruji, madini yaliyosagwa, alafu kutafuta njia ya kuchota sampuli isiyodanganya. Jamaa mwingine ambaye mzee wake anauza nafaka Nyamakima alicheka mpaka chai ikamwagika. Ati, "Yaani umesoma miaka hio yote ndio ukuje kumwaga mahindi hewa kwa kompyuta? Si hio pesa ingenunulia wakulima mashine ya kukausha?"

Na hakuwa anaropoka, nitamrudia. Lakini karibu kila mtu pale mezani alikuwa upande wake, na nadhani ni kwa sababu hakuna mtu amewahi kutuonyesha shida ya sampuli ni kubwa kiasi gani.

Story ya aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi, tunaijua. 2004 ukambani na sehemu za karibu watu 125 walikufa, Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango, ikasimamisha aina tano za unga kwa mpigo, Machi 2021 tukafungia mahindi ya Uganda na Tanzania kisha baada ya siku chache tukafungua na masharti. Kila mara tunagombana juu ya kikomo, sehemu 10 kwa bilioni, na juu ya maabara, nani alipima na nani alilipwa. Hakuna mtu huuliza ile kilo moja iliyofika maabara ilitolewaje kwa lori.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Punje ya mahindi tuseme ni gramu 0.3, kwa hivyo gunia la kilo 90 lina punje kama 300,000. Huko Marekani miaka ya 1970 watafiti walipima punje moja moja na wakapata zingine zina zaidi ya sehemu 400,000 kwa bilioni. Ni punje iliyoharibika vibaya sana, si za kila siku, lakini zipo. Punje moja ya aina hio imebeba mikrogramu 120 za sumu. Sasa chukua gunia safi kabisa uweke punje nane tu za aina hio ndani yake. Nane kati ya laki tatu. Gunia lote limeshafika wastani wa 10.7, yaani halifai kuuzwa. Chota kilo moja upeleke kupimwa: uwezekano wa kukosa zote nane ni kama 91 kwa 100, na maabara itaandika sifuri. Ukiipata moja, kilo yako inasoma 120. Mara chache sana utapata mbili, isome 240. Hakuna siku itasoma 10.7! Mashine iwe mpya, mpimaji awe malaika, jibu la kweli halimo kabisa kwenye majibu anayoweza kupata.

Basi uchote zaidi, utasema. Sawa, kwa shehena kubwa za nafaka kanuni za Ulaya zimekuwa zikitaka uchote mara 100 sehemu tofauti mpaka zifike kilo 10. Toa kilo 10 kwa lile gunia letu na bado uwezekano wa kukosa zote nane ni kama 39 kwa 100. Mimi hio 39 nimeirudia kwa kikokotoo mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya.

Alafu kumbuka nimefanya hesabu nikidhani gunia limechanganyika vizuri, na vitu vya punje havichanganyiki hivyo. Tikisa debe la mahindi yenye vumbi na vipande uone, kubwa zinapanda juu, ndogo zinazama, mama yeyote aliyepepeta na ungo anajua hii bila kusoma fizikia. Mwaga rundo chini, nzima zinabiringika mpaka ukingoni na vumbi linabaki katikati. Sasa lori limetoka Kitale limerukaruka usiku mzima, likifika mtu anapanda na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, anatoboa magunia ya juu na ya pembeni, pale mkono unafika. Pierre Gy, yule Mfaransa aliyejenga nadharia nzima ya uchotaji sampuli, na ambaye alianza kusumbuka na jambo hili miaka ya 1940 akiwa mgodini Kongo, alisisitiza kwamba kila punje lazima iwe na nafasi sawa ya kuchotwa. Gunia la chini katikati ya lori lina nafasi sifuri. Hio hairekebishwi na maabara yoyote.

Ndio maana kompyuta. Tangu 1979, Cundall na Strack walipotoa ile njia ya kufuata kila punje peke yake, inagongana na nani, inasukumwa wapi, kwa hatua ndogo ndogo za sehemu za milioni ya sekunde, mtu anaweza kujenga gunia ambalo yeye mwenyewe ameweka zile mbaya nane na anajua zimeishia wapi. Analitoboa na bambo la kuigiza mara elfu moja na anahesabu limedanganya mara ngapi. Jaribu hio Nyamakima. Kujua ukweli wa lori lote itabidi ulisage lote ulipime, na hapo huna cha kuuza.

Sasa jamaa wa Nyamakima. Hoja yake ya mashine ya kukausha ni nzito, pia magunia yasiyopitisha hewa, pia Aflasafe, ile kuvu isiyo na sumu ya kutupwa shambani, inayotengenezwa na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, kule Katumani, hizo zinazuia sumu kabla ya mtu kufikiria bambo. Ningekuwa na bajeti ndogo ningeanza huko. Ila utajuaje zimefanya kazi? Si utachota sampuli tu?

Kuna hoja nyingine hakuisema yeye lakini inaniuma zaidi. Lori la tani 28 lina punje kama milioni 93, na seva ya kufuata zote hizo si kitu utakuta kila idara, kwa hivyo watu wanapunguza: wanaigiza kigunia kidogo, wanafanya punje ziwe mipira kwa sababu mpira ni rahisi kuhesabu, na mahindi si mpira. Mbaya zaidi, kompyuta haijui kuvu iko wapi. Ukisambaza sumu ovyo kwa lori zima na kumbe ukweli ni mkulima mmoja aliyeanika chini kwa udongo, magunia yake matano ndio yamebeba sumu yote, umepata jibu zuri la swali ambalo hakuna mtu ameuliza. Na miaka miwili ikiisha dada anaweza kuchukuliwa Ulaya na programu yake kwa laptopu. Hayo nakubali.

Lakini huyo jamaa mwenyewe ndiye alitupa kisa. Mwaka jana lori la mzee lilikataliwa kwa kinu fulani asubuhi, jioni ya siku hio kinu kingine kikalichukua bila shida, na mpaka leo nyumbani kwao wanaamini kulikuwa na mtu alitaka kitu kidogo. Inawezekana, hii ni Kenya. Ila kwa hesabu ya punje nane, lori moja kufeli asubuhi na kupita jioni halihitaji hongo ya mtu yeyote. Na kama sehemu ya hasira zetu kwa maafisa ni bambo tu lilikosea, mimi ningependa kujua ni sehemu gani.

Kwa madini hakuna anayecheka. Mchanga wa titani wa Kwale, mpaka uchimbaji uliposimama Desemba 2024, uliuzwa kwa meli nzima nzima, na mzigo kama huo bei yake inategemea sampuli, hakuna mnunuzi analipa kwa kuangalia na macho. Ikifika kwa ugali ndio tunaona ni mchezo.

Mwishowe dada alimwomba jamaa aruhusiwe siku moja lori likishushwa, atoboe kila gunia, ya chini pia, alinganishe na kompyuta yake. Jamaa akapiga simu pale pale. Mzee amekubali, lakini kila gunia litakalotobolewa lilipwe.